Maji Yaingia Wapi?

Mashua moja ya tanga ilikuwa ikichukua chumvi na mahindi kutoka Kalemie mpaka Moba, katika ziwa Tanganyika. Ilikuwa mashua kuukuu, lakini mbavu zake zilikuwa nzima. Siku moja mvua kubwa ikawakuta njiani. Walipofika, magunia matatu ya chumvi yalikuwa yameharibika. Mwenye mashua akahuzunika sana, kwa maana ile chumvi ilikuwa mali ya watu.

Akamwita fundi, akamwonyesha. «Tazama, mzee, maji yadondoka hapa katikati. Nimepaka lami mara mbili, na bado yavuja.»

Fundi akajibu: «Bwana, umetia dawa mahali pasipo na kidonda.»

Mahali maji yadondokapo si mahali yaingiapo. Maji hupenya sitaha, hufuata boriti iliyo chini yake, na kudondoka mbali. Ndivyo ilivyo nyumbani pia: mvua yadondoka kitandani, lakini tundu la paa liko juu zaidi.

Fundi akangoja sitaha ikauke. Akamtuma mwanafunzi wake ndani ya mashua, na taa na chaki. Yeye mwenyewe akamwaga maji juu, kidogo kidogo. Akaanza upande wa chini, akapanda polepole. Kwa nini? Akianza juu, maji yatateremka na kulowesha mianya yote. Hatajua ni upi unaovuja.

Akamwaga ukingoni: hakuna kitu. Akamwaga katikati: hakuna kitu. Akamwaga karibu na mlingoti, akangoja.

«Maji, baba!» kijana akaita. Akatia alama ya chaki. Palikuwa mbali na ile lami, kadiri ya pima moja.

Fundi akaeleza: «Wakati wa kiangazi jua hukausha mbao, nazo husinyaa. Mianya hufunguka, na pamba ya zamani hulegea.»

«Baba, tusizibe kwa chini? Ni rahisi zaidi.»

«Hapana, mwanangu. Maji yatabaki ndani ya mbao, nazo zitaoza.»

Basi wakaitoa pamba yote iliyooza, wakausafisha mwanya, wakaacha ukauke kabisa. Wakasokota pamba mpya kama kamba, wakaishindilia kwa chembeu na nyundo. Hawakushindilia mno, kwa sababu mbao zikilowa huvimba, nazo zahitaji nafasi. Kisha wakamimina lami ya moto juu yake. Ilipopoa, wakamwaga maji tena. Hata tone moja halikupita.

Safari iliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipokucha, mwenye mashua akashuka ndani, akapapasa magunia moja moja. Yote yalikuwa makavu.

Anayeziba bila kutafuta hufanya kazi mara mbili.

Maneno
Sitaha: sakafu ya juu ya mashua.
Boriti: mti mnene uchukuao mbao za sitaha.
Chembeu: patasi butu ya kushindilia pamba.

Maswali
1. Kwa nini lami ya mwenye mashua haikufaa?
2. Fundi alianza kumwaga maji upande gani? Eleza sababu.
3. Kwa nini si vema kuziba kwa chini?
4. Paa la nyumba yenu likivuja, utalitafutaje tundu?