Maji Yanayomwagwa na Mashine ya Kuchuja: Tuyapunguze, na Yanayobaki Tuyatumie



Ukitembea katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Umoja na Donholm mpaka Kayole na Komarock, utaona vibanda vingi vya kuuza maji ya kunywa. Ndani ya vingi mna mashine ya kuchuja ambayo mafundi huiita R.O. Siku hizi mashine ndogo za aina hiyo zimeingia hata jikoni, chini ya sinki. Ni mashine nzuri, lakini ina tabia moja ambayo muuzaji hakwambii upesi: kwa kila lita moja ya maji safi inayokupa, inamwaga lita kadhaa. Mahali ambapo maji ya mfereji huja kwa zamu, na siku nyingine tunangojea mwenye mkokoteni alete mitungi, hilo si jambo dogo. Somo hili linawafaa pia ninyi wa vijijini ambao mnachanga pesa mnunue mashine kama hii kwa kisima chenu.

KWA NINI INAMWAGA?

Ndani ya mashine kuna utando mwembamba sana, uliokunjwa kama mkeka. Maji husukumwa kwa presha mpaka yapenye. Chumvi, floridi na viini vya magonjwa karibu vyote hubaki nyuma. Sasa ile chumvi iliyobaki lazima itolewe, la sivyo itaganda juu ya utando kama ukoko ndani ya birika. Sehemu ya maji ndiyo huisukuma nje. Kwa hiyo kumwaga hatuwezi kukuondoa kabisa, lakini kukupunguza tunaweza. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira linasema mashine ya kawaida ya nyumbani inaweza kumwaga lita 5 au zaidi kwa kila lita 1 safi, na zile mbaya hufika lita 10.

JE, TUNAIHITAJI?

Hili ndilo swali la kwanza. Maji ya mfereji ya Nairobi, sehemu kubwa, hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na husafishwa Ngethu. Ni maji ya mito, hayana chumvi nyingi. Hatari yake ni viini vinavyoingia bomba likipasuka au tangi likikaa bila kuoshwa. Viini hufa ukichemsha maji au ukitia dawa ya klorini kwa kipimo. Hapo hakuna haja ya kumwaga lita nne upate moja.

Maji ya visima virefu ni mambo mengine. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, na visima vingi vina floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi sana kipimo hicho miaka ile meno yake yanapojijenga, yataota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikizidi zaidi kwa miaka mingi, hata mifupa huumia. Na tusikilize vizuri hapa: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi hukolea zaidi. Hapo ndipo mashine hii inastahili gharama yake.

Ploti nyingine huchanganya maji ya mfereji na ya kisima katika tangi moja. Muulizeni keyateka au mwenye nyumba, kisha pelekeni chupa ya maji kwa maabara ipimwe. Kuuliza si ujinga.

PIMENI KWANZA

Fungeni valvu ya tangi dogo la akiba la mashine. Fungueni bomba la maji safi, mngoje dakika chache mpaka yatiririke sawasawa. Halafu wekeni jagi chini ya bomba hilo, na ndoo chini ya mpira wa maji yanayomwagwa, kwa dakika 10. Tuseme jagi limepata nusu lita na ndoo lita 2. Hiyo ni moja kwa nne. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupika inamwaga lita 80, yaani mitungi minne. Kama mtungi ni shilingi 20, hizo ni shilingi 80 kwa siku, na 2,400 kwa mwezi wa siku 30. Mkifikisha moja kwa mbili, nusu ya pesa hizo imeokoka.

JINSI YA KUPUNGUZA

1. Angalieni presha. Mashine nyingi hutaka kama baa 3 au zaidi ili zifanye kazi vizuri. Tangi likiwa mita 10 juu ya jikoni linaleta baa 1 tu. Presha ikiwa chini, maji safi hutoka kidogo na mengi hukimbilia kwa mpira wa kumwaga. Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza presha.

2. Sikilizeni usiku. Tangi la akiba likijaa, kumwaga kunatakiwa kukome. Ukisikia maji bado yanatiririka, valvu ya kujifunga imeharibika. Ni kifaa kidogo, lakini kisipobadilishwa maji humwagika mchana na usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Badilisheni vichujio vya mbele kwa wakati, kila miezi 6 mpaka 12, na mapema zaidi maji yakiwa na tope. Kichujio kilichoziba huua presha.

4. Msikaze mpira wa kumwaga. Kuna mafundi ambao huubana ili maji yaonekane kupungua. Yatapungua kweli, lakini chumvi itaganda na utando utaharibika kabla ya siku zake. Kidude kinachopunguza maji hayo lazima kilingane na ukubwa wa utando. Mwambieni fundi awaonyeshe namba zote mbili.

5. Maji ya R.O. ni ya kunywa na kupikia tu. Kuoshea vyombo na nguo, tumieni ya kawaida.

YALIYOMWAGWA TUYAPELEKE WAPI?

Haya si maji taka kama ya choo. Ni maji yale yale, ila yamekolea. Tufanye hesabu. Maji yakiwa na miligramu 2 za floridi kwa lita, lita 5 zina miligramu 10. Lita moja safi inaondoka na kidogo sana. Zile nne zinazomwagwa zinabeba karibu zote, yaani kama 2.5 kwa kila lita. Mkipunguza mpaka moja kwa moja, yatakuwa karibu 4. Kadiri tunavyomwaga kidogo, ndivyo yanayomwagwa yanavyokolea.

Kwa hiyo ingizeni mpira ndani ya pipa lenye kifuniko, na mliandike kwa rangi: SI YA KUNYWA. Yanafaa kusukuma choo, kupiga deki, kuosha mkokoteni na kufua nguo. Yasipikiwe, yasipewe mtoto, kuku wala ng'ombe. Kama chanzo ni maji ya chumvi, msiyamwagie sukuma wiki kila siku, kwa kuwa chumvi itabaki udongoni. Na msikubali kamwe fundi ayarudishe ndani ya tangi la ploti. Kila mzunguko yatazidi kukolea, na jirani asiye na mashine ndiye atakayeyanywa.

KWA KIKUNDI KINACHOTAKA KUNUNUA

Msiulize bei tu. Muulizeni muuzaji: kwa lita moja safi, inamwaga ngapi kwa presha ya kwetu? Kisima kikitoa lita 5,000 kwa siku, na mashine ikimwaga tatu kwa moja, mtauza lita 1,250 tu. Kikundi kilichopiga hesabu ya mapato kwa lita 5,000 kitashindwa kulipa deni, na wanachama watashukiana bure. Mwandike jibu la muuzaji katika kitabu cha mkutano, na siku ya kufunga mashine mpime wenyewe kwa ndoo kabla ya kulipa pesa za mwisho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maji yetu yanatoka wapi, na yamewahi kupimwa floridi?
2. Shida yetu ni viini, au ni chumvi na floridi? Dawa yake ni ipi?
3. Nani kati yetu atapima kwa jagi na ndoo kila mwezi na kuandika?
4. Pipa la maji yaliyomwagwa litakaa wapi ili watoto wasiyanywe?

Mkutano ujao, kila mwenye mashine aje na namba yake: moja kwa ngapi. Tuanzie hapo.