Kutathmini Ubora wa Maelezo ya Zana Zinazotumiwa na Mawakala wa Akili Bandia: Mtazamo wa Kipragmatiki

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, maelezo ya matumizi ya programu za kompyuta yameandikiwa binadamu. Anapokwama, binadamu humwuliza mwenzake, kwani kuuliza si ujinga. Siku hizi pana msomaji mwingine: wakala wa akili bandia, yaani programu inayotegemea modeli ya lugha kupanga kazi na kuitekeleza kwa kutumia programu nyingine kama zana. Mnamo Juni 2023, kampuni ya OpenAI iliwawezesha waundaji wa programu kuziunganisha zana za aina hii na modeli zake. Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya MCP, ambamo kila zana hutambulishwa kwa jina, maelezo na orodha ya taarifa inazohitaji kupewa. Kwa kawaida wakala haioni zana yenyewe. Huona maneno yanayoieleza. Makala hii inadai kuwa ubora wa maneno hayo ni suala la kipragmatiki, na kwamba kipimo chake cha mwisho ni tendo linalofuata baada ya kusomwa.

2.0 Msingi wa Nadharia

Grice (1975) alieleza kuwa mawasiliano hutawaliwa na Kanuni ya Ushirikiano, yenye kaida nne: wingi, ubora, uhusiano na namna. Mzungumzaji atoe taarifa za kutosha bila kuzidisha, aseme kweli, asitoke nje ya mada, na aepuke utata. Kaida hizi zilikusudiwa mazungumzo, lakini zinafaa pia kuyapima maelezo ya zana.

3.0 Uchanganuzi

Kaida ya wingi hukiukwa taarifa ya lazima inapoachwa. Zana ya malipo inayodai “nambari ya simu” pasipo kueleza iwapo nambari ya Kenya ianze kwa 0 au kwa 254 inamwachia msomaji kubahatisha. Hata hivyo, wingi wa maneno si ubora. Utafiti wa Hsieh na wenzake (2023) ulionyesha kuwa maelezo ya zana pekee, bila mifano ya matumizi, yanaweza kuiongoza modeli vyema. Nao utafiti wa EASYTOOL (2024) ulionyesha kuwa kuyafupisha maelezo marefu yenye marudio huimarisha utendaji.

Kaida ya ubora inahusu ukweli. Zana hubadilika toleo baada ya toleo; maelezo yasipobadilishwa nayo, huwa uongo ambao hakuna aliyeukusudia.

Kaida ya uhusiano hudhihirika pale ambapo zana mbili zinakaribiana. Maelezo ya “tafuta” na “orodhesha” hayatoshi kusema kila moja hufanya nini. Sharti yaseme ni lini moja ichaguliwe badala ya nyingine.

Kaida ya namna ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Chukulia mfano wa zana iliyoelezwa hivi: “Husafisha folda ya mwanafunzi.” Je, kusafisha ni kupanga faili au kuzifuta? Karani angesita. Wakala inaweza kuchagua maana moja na kutenda, na kumbukumbu za miaka minne zikatoweka. Maelezo bora yangesema: “Hufuta faili zote zilizomo katika folda. Haziwezi kurejeshwa.”

4.0 Namna ya Kupima

Kuyasoma maelezo na kuyasifu hakutoshi. Mtathmini aandae kazi halisi, aipe wakala ileile maelezo ya aina mbili, huku mambo mengine yote yakibaki vilevile. Kisha ahesabu: je, zana sahihi ilichaguliwa? Taarifa zilijazwa ipasavyo? Lengo lilifikiwa? Zana ilipokataa ombi, je, ujumbe wa kosa ulimwelekeza msomaji wake? Zijumuishwe pia kazi zisizohitaji zana yoyote. Kwa kuwa modeli haitoi jibu lilelile kila mara, kila jaribio lirudiwe mara kadhaa.

Aidha, mtathmini atenganishe kosa la maelezo na kosa la zana. Desemba 2024, Anthropic ilisimulia kuwa modeli yake ilikuwa ikikosea anwani za faili baada ya wakala kuhama kutoka folda kuu. Zana ilibadilishwa ili idai anwani kamili kila mara, na tatizo likaisha. Hapa tiba haikuwa kuongeza sentensi, bali kuirekebisha zana yenyewe.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kuwa kaida za Grice humsaidia mtathmini kutambua kasoro ilipo, na majaribio humwonyesha uzito wake. Uandishi wa maelezo haya kwa kawaida umeachiwa wahandisi, ilhali utata, ufupi na ukamilifu ni mambo ambayo mwanaisimu hufunzwa kuyapima. Zana zinapoanza kuelezwa kwa Kiswahili, kitenzi kimoja chenye maana mbili kinaweza kufuta kazi ya mtu. Mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia kabla hilo halijatokea.