Kamera Ndogo na Usuli Uliofifia

Mwanafunzi wa elimuviumbe apigapo picha ya ua la mbaazi kwa kamera ndogo ya mfukoni, mara nyingi hupata picha ambamo ua, majani na ukuta wa darasa ulio nyuma huonekana dhahiri kwa kiwango kimoja. Umbo la ua hupotea miongoni mwa vitu vingine. Kwa nini kamera kubwa huufifisha usuli kwa urahisi, na ndogo hushindwa?

Chanzo ni upana wa tundu la lenzi. Lenzi mbinuko hukusanya miale itokayo katika nukta moja ya ua na kuikutanisha katika nukta moja juu ya filamu au sensa. Miale itokayo katika kitu cha mbali zaidi hukutana kabla ya kufika hapo, kisha hutawanyika na kuchora kiduara badala ya nukta. Viduara vingi vipandanapo, usuli hufifia.

Ukubwa wa kiduara waweza kukadiriwa bila hesabu ngumu. Miale itokayo mbali sana hufika ikiwa sambamba. Kwa hiyo fungu la miale liingialo katika tundu lina upana sawa na tundu lenyewe, na upana huo ni ule ule linapopita mahali lilipo ua. Hivyo kila nukta ya usuli wa mbali hutandazwa, kwa kipimo cha mahali lilipo ua, sawa na kipenyo cha tundu.

Kipenyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa namba ya tundu. Lenzi ya mm 50 yenye namba 2 ina tundu la mm 25. Kamera ndogo yenye lenzi ya mm 5 na namba 2.5 ina tundu la mm 2 tu. Picha ikionyesha eneo lenye upana wa mm 400, kiduara cha kwanza huchukua 1/16 ya upana huo. Cha pili, 1/200.

Hata hivyo, mambo matatu humsaidia mwenye kamera ndogo:

1. Lenzi ivutwe hadi mwisho wa ukuzaji. Urefu wa fokasi ukifika mm 20 na namba ikiwa 5, kipenyo huwa mm 4.

2. Kamera isogezwe karibu kadiri lenzi inavyoweza kulenga. Eneo likipungua hadi mm 120, kiduara huwa 4/120, yaani 1/30.

3. Usuli uwe mbali. Ua likiwa m 1 kutoka kwenye lenzi na ukuta m 1.25, kiduara hubaki 1/5 tu ya kipenyo cha tundu. Ukuta ukiwa m 10, hufikia 9/10.

Simu nyingi za siku hizi hufifisha usuli kwa hesabu za kompyuta. Zikikosea kutenga kilicho karibu na kilicho mbali, hufuta hata ncha za stameni. Picha ya namna hiyo yaweza kumpotosha mwanafunzi.

Jaribio: Mwanafunzi afumbe jicho moja, ashike kalamu sm 25 mbele ya jicho la pili na kuikazia macho. Mti wa mbali utafifia. Kisha aitazame kalamu kupitia kitundu cha pini katika kadi iliyo karibu na jicho. Mti utakuwa dhahiri zaidi, ingawa mwanga utapungua. Aeleze sababu.