Tezi Zimevimba: Ni Ndigana Kali au Saratani ya Damu?

Ndugu mfugaji wa Mwandiga na vijiji vya jirani,

Ukikuta ng'ombe ana tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega, usiharakishe kusema "huyu ni wa kuchinja". Kuna magonjwa mawili yanayofanana hapo. Ugonjwa wa kwanza huua upesi, lakini hupona ukiwahiwa. Wa pili hauna dawa. Ukiyachanganya, utachinja mnyama ambaye angepona, au utamaliza fedha kwa mnyama asiyepona.

1. Seli nyeupe ni nini?

Seli nyeupe za damu ni walinzi wa mwili. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, na nyingi hukaa kwenye tezi. Ugonjwa ukija huongezeka, ukiisha hupungua. Saratani ya damu ni pale seli hizi zinapoongezeka bila kikomo, hadi kujaza tezi na viungo vingine.

2. Ndigana kali

Huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Kijidudu huingia ndani ya seli nyeupe na kuilazimisha igawanyike ovyo, kama seli ya saratani. Seli ikigawanyika, nacho hugawanyika pamoja nayo. Ndiyo maana tezi huvimba haraka. Lakini dawa ikikiua kijidudu, seli huacha kuongezeka. Hapo ndipo penye matumaini.

Dalili:
- Homa, mara nyingi nyuzi 40 au zaidi.
- Tezi kuvimba, kuanzia ile ya chini ya sikio.
- Machozi, kikohozi, kupumua kwa shida, na mwishoni povu puani.
- Kuacha kula au kunyonya.

Wanaokufa zaidi ni ndama, ng'ombe wa kisasa, na ng'ombe walioletwa kutoka maeneo yasiyo na kupe huyu.

3. Saratani ya damu ya ng'ombe

Huletwa na kirusi kinachokaa ndani ya seli nyeupe maisha yote. Ng'ombe wengi wenye kirusi hiki hawaonyeshi dalili yoyote. Wachache, chini ya 5 kati ya 100, hupata uvimbe, kwa kawaida wakiwa wamepita miaka 3. Mnyama hukonda polepole, maziwa hupungua, tezi huwa kubwa na ngumu. Jicho linaweza kutokeza nje, au miguu ya nyuma ikalegea. Mara nyingi hana homa.

Kirusi hupita kwa damu: sindano moja kwa ng'ombe wengi, kifaa cha kukata pembe, koleo la hereni. Ndama pia anaweza kukipata kwa maziwa ya mama yake. Haijathibitika kwamba humletea binadamu ugonjwa. Hata hivyo, chemsha maziwa daima, kwa sababu ya kifua kikuu na brusela.

4. Ufanye nini?

- Pima joto kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Ng'ombe mzima mwenye afya huwa na nyuzi 38 hadi 39.
- Akiwa na homa na tezi zimevimba, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ya ndigana kali ni buparvakuoni, kama Butalex. Ile yenye mg 50 kwa kila ml hudungwa ml 1 kwa kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo. Ndama wa kilo 60 hupata ml 3. Usipunguze dozi ili chupa itoshe wengi.
- OTC peke yake haitoshi dalili zikishaonekana.
- Usichome tezi kwa chuma cha moto. Moto haukifikii kijidudu kilichoenea mwili mzima.
- Ng'ombe mkubwa anayekonda bila homa, usiendelee kumdunga dawa kwa kubahatisha. Omba afisa mifugo achukue damu na majimaji ya tezi yapimwe maabara. Ni maabara tu inayoweza kutoa jibu la hakika.
- Ukiamua kuchinja, mkaguzi wa nyama aione kabla haijaliwa wala kuuzwa.

5. Kinga

- Ogesha kila wiki kwenye josho au kwa bomba, na masikio ya ndani yafikiwe. Kupe hunyonya siku 3 hadi 4 hivi kabla ya kuambukiza, hivyo kumwahi ni kuuzuia ugonjwa.
- Chanja ndama. Chanjo ya ndigana kali iliyotengenezwa Muguga, Kenya, kwa kawaida hutolewa mara moja tu. Hutunzwa kwenye baridi kali, na ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyo. Kwa hiyo jiandikisheni majirani wengi pamoja.
- Kila ng'ombe na sindano yake. Vifaa vya pembe na hereni vioshwe na kuchemshwa kabla ya kuhamia mnyama mwingine.

Wanaokamua na kuchunga, mara nyingi akina mama na vijana, ndio huona mabadiliko kwanza. Wafundisheni kupapasa tezi za ndama kila jioni wanaporudi zizini. Wakigusa uvimbe leo, taarifa ifike kwa afisa mifugo leo.