Nyadhifa na Idhini katika Tovuti ya Chama

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii yaiafiki tovuti ya chama ambamo viongozi wote hutumia neno-siri moja: makala yakifutwa, aliyeyafuta hajulikani, kiongozi akihitimu, huondoka na ufunguo.

Programu ya WordPress, iliyozinduliwa mwaka 2003, hulitatua tatizo hili kwa nyadhifa tano. Msimamizi hutawala tovuti nzima pamoja na akaunti za wenzake. Mhariri husahihisha na kuchapisha makala ya yeyote. Mwandishi huchapisha yake pekee. Mchangiaji huandika, lakini rasimu yake hungoja mhariri. Msajiliwa husoma na kurekebisha maelezo yake binafsi tu.

Yafaa tutofautishe dhana mbili. Idhini ni ruhusa ya kutenda jambo moja, mathalani kufuta. Wadhifa ni mkusanyiko wa idhini. Kanuni ni kumpa kila mtu idhini zinazoitosha kazi yake, wala si zaidi. Kwa hivyo, mwanachama mgeni aanze kama mchangiaji.

Aidha, kiongozi anayeondoka apunguziwe wadhifa siku ile ile ya makabidhiano. Akaunti yake ikifutwa, makala yake yahamishiwe kwanza mtumiaji mwingine, yasije yakapotea pamoja nayo.