Dondoo Muhimu: Dawa za Kupaka kwa Laikeni ya Kinywani

Mkazi wa Lushoto au Soni ambaye plamu chachu na chai ya moto humchoma mashavuni kwa ndani, palipotanda michirizi myeupe mithili ya utando wa buibui, naye tabibu wa meno amekwisha kuthibitisha kuwa ni laikeni planasi, maradhi sugu yasiyoambukiza, na afahamu kwamba, katika steroidi za kupaka, triamsinoloni ya asilimia 0.1 ni hafifu kuliko klobetasoli ya asilimia 0.05, ingawa zote mbili huweza kualika fangasi, ndipo nistatini, dawa ya fangasi, ikahitajika. Apakaushe kwanza penye michirizi kwa kitambaa safi, apake dawa baada ya chakula cha usiku, wala asile wala asinywe kwa nusu saa. Dawa ya takrolimasi, aghali na yenye kuchoma mwanzoni, mimi ningeiweka akiba, kwa idhini ya tabibu.