SOMO LA WAFANYAKAZI: MKONO WA MKANDAJI NA HAKI YA MGONGO WAKO



Pale Ggaba, kando ya Ziwa Viktoria, wachukuzi hushusha samaki na magunia kutoka mitumbwini. Mwendo mfupi tu, Munyonyo, yapo mahoteli makubwa yenye vyumba vya kukandwa viitwavyo spa. Zipo spa zinazouza hata hilot, ukandaji wa jadi wa Ufilipino, ambao asili yake ni tiba ya watu wa vijijini. Tujifunze nini?

Kwanza, maarifa haya ni ya watu wa kazi. Buganda wapo bayunzi, yaani waunga mifupa, na ipo mumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba. Ufilipino ilitunga sheria ya tiba za jadi mwaka 1997, Uganda mwaka 2019. Tusizidharau.

Pili, mkono wa mkandaji una mpaka. Msuli uliochoka hupata nafuu. Lakini mgongo ukiumia, mguu ukafa ganzi au mkojo ukashindwa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni fidia. Mchukuzi wa bandarini huenda hana mwajiri mmoja. Wewe wa kiwandani au shambani unaye. Lakini mwenzetu akianguka na gunia, mara nyingi huenda kimya kwa mkandaji na kulipa mwenyewe. Miezi ikipita, hana karatasi wala shahidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda inamtaka mwajiri alipe fidia na gharama za matibabu kwa aliyeumia kazini, hata kama mfanyakazi huyo alifanya uzembe. Lakini ajali iliyofichwa haina mtetezi.

Basi tufanye hivi:

1. Mwambie msimamizi siku ile ile.
2. Andika tarehe, saa na majina ya walioona.
3. Pata karatasi ya daktari, uitunze.
4. Mpe habari mwakilishi wa chama. Mwajiri akikataa, twende pamoja kwa Ofisa wa Kazi.

Mkandaji aje baadaye, daktari akiruhusu.

Wala tusiwasahau wanaokanda matajiri kutwa nzima. Vidole na viuno vyao pia huuma. Nao ni wafanyakazi, na haki hiyo ni yao.

Maswali ya kujadiliana:
Mwaka huu nani kati yetu ameumia kazini akanyamaza? Kwa nini alinyamaza? Tawi letu litamsaidiaje?